Mafahali Tisa kwa Mkungu Mmoja wa Ndizi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hamjausikia kwa wengine ukiwa umeongezwa chumvi. Niliwahi kuua mafahali tisa kwa mkungu mmoja wa ndizi, asubuhi moja, nikiwa juu ya baiskeli napiga mluzi. Moshi wao ulinifuata nyuma barabara nzima, nami nikadhani ni ukungu.

Mafahali wenyewe hawakuwa na pembe. Walikuwa mbegu tu, ndani ya mirija tisa myembamba kuliko kalamu, na mirija ilikuwa ndani ya mtungi wenye maji ya naitrojeni, baridi ambayo hata barafu mbele yake ni uji wa moto. Ninyi vijana mnaobaki kwenye kazi hii ya kupandisha ng'ombe kwa mrija mnaujua huo mtungi. Mliniomba siku ya kuniaga, mkiwa na vikombe vya chai mkononi, niwaandikie kazi ilivyokuwa miaka ya tisini, wakati mnyama wa kutubeba alikuwa baiskeli. Naandika. Habari za kupandishwa cheo msizitafute humu, maana mimi nimepandisha wengi sana kuliko nilivyopandishwa.

Siku yangu ya kwanza nilifika kituo cha maziwa cha ushirika wetu nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma baiolojia, na nilidhani nitaonyeshwa ng'ombe. Mzee Arap Bett, aliyenifundisha kazi, hakunionyesha ng'ombe wiki nzima. Alinionyesha keria, chuma cha kubebea mzigo. Alichukua mtungi mzee uliotoboka, akaujaza maji ya mto mpaka mdomoni, akaufunga nyuma ya baiskeli yangu, blakmamba nzito ya marehemu baba, akasema, “Zunguka uwanja wa shule mara kumi.” Nikazunguka. Niliporudi alichungulia ndani.

“Umerudi na nusu,” akasema. “Kwa hiyo umezalisha nusu ya ng'ombe. Miguu ya mbele au ya nyuma?”

Wiki hiyo nilijifunza kufunga mzigo kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote shuleni. Kreti la soda linakazwa juu ya keria kwa nati nne. Ndani yake unaweka gunia, na juu ya gunia blanketi kuukuu. Mtungi unasimama katikati. Halafu unakata tyubu ya zamani vipande virefu, zile blada, unavuta mbili kwa msalaba na moja kiunoni. Mfuko wa glavu, mkasi, sabuni, bunduki ya kupandishia na thamosi ya maji ya uvuguvugu unaning'inia mbele kwenye usukani, ili baiskeli isiinue pua kama punda. Kipima joto changu kilivunjika mwezi wa pili, na tangu hapo nilipima yale maji kwa kiwiko, kama mama anayeogesha mtoto. Kifuniko cha mtungi, Mzee alinionyesha, hakifungwi kwa kukazwa. Kinakalia mdomo tu, kwa sababu ile baridi lazima ipumue. Ukiibana, italipuka. Ukiulaza mtungi, itatoka.

“Wewe ukianguka, utapanguswa vumbi,” alisema. “Huu hauangushwi, na haulazwi. Hata mwenyekiti wa ushirika akikuomba.”

Mwenyekiti hakuniomba kamwe.

Kituoni kulikuwa na chumba cha mfanyakazi, kitanda cha waya na dirisha la kutazama majani ya chai mpaka uchoke. Nilikitazama, nikasema asante, nikarudi kwangu. Ni kilomita kumi na moja, na barabara zetu hazijui tambarare: unasukuma baiskeli nusu ya njia, na nusu nyingine unaomba breki. Lakini mimi nilikuwa sipati usingizi penye paa la mtu mwingine. Mke wangu, Mama Cheptoo, alizoea kuniambia, “Wewe ungezaliwa mti, ungefurahi.” Kwa hiyo nilikwenda na kurudi kila siku, na mtungi nilikwenda na kurudi nao, maana wenye ng'ombe walibisha mlangoni kwangu kabla hata jogoo hajawa na uhakika. Wachuma chai walinijua kutoka mbali. “Fahali wa baiskeli anapita!” walikuwa wakipiga kelele juu ya vikapu vyao. “Ficheni ndama!” Mbaya zaidi ilikuwa siku nilipoitwa kwa ng'ombe wa mama mkwe wangu. Mambo kama hayo hayatajwi mbele ya mama mkwe. Alijifungia jikoni mpaka nilipoondoka, akatuma mtoto aniletee chai, na mpaka leo sisi wawili tunakubaliana kwamba ndama yule alijileta.

Sasa ndizi.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mama Moraa. Yeye na mumewe walitoka upande wa Kisii wakanunua shamba karibu nasi kabla sijaoa, kwa hiyo ni wenyeji wangu zaidi ya mke wangu. Walikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Baraka, na Baraka hakushika mimba. Nilikuwa nimempandisha mara mbili, na mara mbili alirudi kwenye joto, ile hali ya kutaka dume. Maziwa yalibaki kikombe. Katika nyumba hiyo yenye watoto watano, iliyozungukwa na chai pande zote nne, watoto walikuwa wameanza kuzoea chai ya rangi. Baba Moraa, mtu mpole, mzee wa kanisa la Sabato, alikuwa amesema: mara ya tatu isiposhika, Baraka aende bucha. Mwenye bucha wa soko la Chepilat alikuwa ameshapita kumbana mgongo kuona nyama iko wapi.

Ijumaa moja asubuhi nikamkuta Mama Moraa langoni, mkungu wa ndizi uko miguuni pake, mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu.

“Bwakire, Arap Rono,” akaniamkia kwa Kikisii.

“Buya mono, Mama.”

“Baraka amelia tangu alfajiri. Anataka kupanda hata ukuta.”

“Basi nitampandisha jioni nikirudi. Akianza joto asubuhi, tunampandisha jioni.”

“Hiyo umeniambia mara mbili, na mara mbili haikushika.”

“Ya tatu itashika.”

“Isiposhika unajua ng'ombe yangu inaenda wapi.” Kisha, kwa sauti ileile, “Kwa vile unapita Chepilat, nibebee huu mkungu. Kesho ni Sabato, siuzi. Jumapili zitakuwa chakula cha mbuzi.”

Tulijaribu kuufunga kwenye usukani, baiskeli ikageuka kama mlevi. Tukaujaribu juu ya mtungi, ukateleza. Mama Moraa akasimama, mikono kiunoni, akalitazama kreti langu.

“Kwani hiyo kitu yako haiwezi kulala? Si ina kifuniko?”

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini kumwambia jirani hapana, na ng'ombe wake nimeshindwa mara mbili, niliona aibu. Nikautoa mtungi. Ndizi zikasimama ndani ya kreti, zimefungwa blada tatu kama nilivyofundishwa, na mtungi ukalala juu yake kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikapanda, nikaanza mluzi.

Ninyi wa huku mnajua asubuhi zetu. Ukungu unakaa juu ya chai mpaka saa tatu, unaingia mikononi mwa shati. Kwa hiyo nilipogeuka nikaona weupe unanifuata nyuma ya baiskeli, sikushtuka. Wachuma chai waliona vizuri kuliko mimi.

“Arap Rono! Unachoma nini?”

“Ni ukungu wa Mungu!” nikawajibu, nikakanyaga pedali.

Chepilat, mama anayenunua ndizi aliushika mkungu, akauachia, akaupuliza mkono wake. Ndizi za upande mmoja zilikuwa nyeusi na ngumu kama mawe. Moja ilivunjika tap, kama chaki.

“Huko kwenu jana ilinyesha mvua ya mawe?”

“Huko kwetu mawe hayaishi,” nikasema. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana wote wawili tuliridhika. Nikausimamisha mtungi mahali pake. Niliuona mwepesi. Nikadhani ni nguvu zangu zimeongezeka, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimekula viazi.

Mvua ilinyesha mchana kutwa na hakuna aliyeniita. Saa kumi jioni nikawa zizini kwa Mama Moraa. Familia nzima ilikuwa imesimama: yeye ameshika kamba, Baba Moraa mikono nyuma, watoto juu ya ua. Nikafungua mtungi. Kila siku, ukiufungua tu, moshi mweupe unamwagika mdomoni na watoto wanasema “aaa”. Siku hiyo hakuna moshi, na hakuna mtoto aliyesema kitu.

Niwaambie wazi: nilijua. Koleo haikuuma vidole kwa baridi, mrija ulitoka ukiwa mkavu bila umande. Lakini watu saba walikuwa wakinitazama, na glavu nilikuwa nimeshaivaa mpaka begani. Nikafanya kila kitu kama kawaida, nikampiga Baraka kofi mgongoni, nikasema, “Sasa imeshika.”

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kusema maneno mabaya kuliko hayo mawili.

Nyumbani nilichukua rula ya mbao, ile ya kupimia. Unaichovya ndani ya mtungi, unahesabu mpaka kumi, unaitoa unaipunga hewani, na mahali baridi ilipofikia panashika theluji nyeupe. Rula ilitoka kama ilivyoingia. Nikaichovya tena.

“Unapima hewa?” Mama Cheptoo akauliza kutoka mlangoni.

Nikamweleza yote, ndizi, ukungu, mawe. Hakucheka, na hapo nikajua mambo ni mazito.

“Nenda umwambie.”

“Nitamwambia akirudi kwenye joto. Ni siku ishirini na moja tu.”

“Siku ishirini na moja mwenye bucha atakuwa na kamba mkononi. Kwani joto la leo limekwisha?”

Lilikuwa halijakwisha. Lilianza alfajiri, na ng'ombe akiwahiwa kesho yake asubuhi mapema, bado kuna nafasi, ingawa nyembamba. Lakini mbegu hai iliyokuwa karibu ilikuwa kwa Mzee Arap Bett, ng'ambo ya Sotik. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Nikafunga mtungi mtupu kwenye kreti, umesimama wima kama askari, sasa kwa kuwa haukuwa na kitu cha kumwaga.

Mzee hakunigombeza. Alichukua rula, akapima mwenyewe, akaitazama.

“Ulibeba nini?”

“Ndizi.”

“Za nani?”

“Za mwenye ng'ombe.”

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha ghafla, akanimiminia nusu ya baridi yake polepole, akahamisha mirija miwili kutoka kwake kuja kwangu, na akasema neno ambalo ninyi vijana nawaachia kama urithi: “Kesho utasema ukweli kabla hujavaa glavu. Ukivaa glavu kwanza, utanyamaza tena.”

Nililala kwake. Ndiyo mara pekee kazi hii ilinilaza nje, na nawahakikishia blanketi la mtu mwingine ni fupi hata likiwa refu.

Alfajiri ilipopambazuka nilikuwa njiani. Na ukungu ulikuwepo, bila shaka, mzito kuliko jana, na sasa sikuuamini hata kidogo. Kila nikiona weupe nyuma yangu nilishuka, nikapima kwa rula, nikaona theluji imeshika vizuri, nikapanda, na baada ya kona moja nikashuka tena. Wachuma chai waliokuwa wakienda kazini walisimama kunitazama. “Leo anampima fahali wake homa,” mmoja akasema. Mteremko wa mwisho niliushuka kwa miguu, mkono mmoja kwenye breki na mwingine umekumbatia mtungi kiunoni.

Nilikuta watu wa Sabato wako tayari. Baba Moraa ndani ya koti jeusi, watoto viatu vinang'aa, Mama Moraa kitambaa cheupe kichwani. Nikasimamisha baiskeli kwenye stendi. Sikugusa glavu.

“Mama Moraa, mbegu niliyoweka jana ilikuwa imekufa. Niliulaza mtungi kwa sababu ya ndizi, baridi yote ikamwagika. Nilishuku nikiwa hapahapa, nikanyamaza. Nimeleta nyingine. Ikiwa Baraka bado anasimama, tunaweza kujaribu sasa hivi. Ikipita saa moja au mbili, basi.”

Baraka akalia zizini, mara moja, kwa sauti nyembamba.

“Kwa hiyo ndizi zangu ndizo ziliua mbegu ya ng'ombe yangu,” Mama Moraa akasema.

“Hapana. Ni mimi.”

“Hiyo najua. Nilikuwa nataka kusikia ukisema.”

Akamgeukia mumewe. Kazi ni kazi, na leo ni Sabato, na Baba Moraa ndiye angesimama mbele ya watu kusoma. Nilimwona akihangaika ndani ya lile koti. Mama Moraa hakumpa nafasi ya kuhangaika sana.

“Baba Moraa, asubuhi hii umemlisha huyu ng'ombe?”

“Nimemlisha.”

“Umemkamua hicho kikombe chake?”

“Nimemkamua.”

“Basi na hii ni ya kumsaidia. Au tumkumbuke Jumatatu akiwa kwenye mizani ya bucha?”

Baba Moraa alivaa kofia yake taratibu. “Mimi sijaona kitu,” akasema. “Mimi niko njiani kwenda kanisani.” Na akaenda, watoto nyuma yake kwa mstari, mdogo akigeuka geuka kwa sababu hataki kukosa ule moshi.

Moshi ulimwagika, mzuri, mweupe, mpaka chini. Sijawahi kufurahia moshi namna hiyo. Nikapima maji kwa kiwiko, nikayeyusha mrija, nikaukausha, na Mama Moraa akashika mkia wa Baraka akiwa na kitambaa chake cheupe. Nilipomaliza nilimpapasa Baraka mgongoni. Sikusema imeshika. Nilisema, “Tungoje.”

Tukangoja. Na kwa kuwa nilipita langoni kwake kila asubuhi na kila jioni, nilingoja mara mbili kwa siku. Hakuwa akinisalimu tena. Alikuwa akinitajia namba tu. “Nane,” akiwa anafagia. “Kumi na nne,” akiwa anaanika nguo. Siku ya kumi na tisa mwenye bucha alionekana ameegemea ua akiongea na Baba Moraa, na mimi nikapita nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta nati barabarani. Siku ya ishirini na moja nilisukuma baiskeli hata pale penye mteremko, ili mnyororo usipige kelele. Baraka alikuwa anacheua. Hakulia. Siku ya ishirini na mbili hakulia. Siku ya ishirini na nne Mama Moraa alikuja mpaka barabarani, akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza, “Pita polepole, usimkumbushe.”

Mwezi wa tatu nilivaa glavu nikapima kwa mkono, na mimba ilikuwepo. Nilitoa mkono nikakaa chini palepale, kwenye kinyesi, kwa suruali ya kazi. Baba Moraa aliniinua yeye mwenyewe. Mwenye bucha alitafuta mgongo mwingine wa kubana. Ndama alipozaliwa, jike, mwenye doa jeupe usoni, Mama Moraa alimpa jina Ndizi, na maziwa ya kwanza yaliyozidi ya watoto yalifika kwangu kwenye kibuyu, bila salamu yoyote.

Tangu siku ile sikuwahi kuulaza mtungi tena. Nilibeba mengine: barua za watu, dawa za kuku, unga, siku moja hata saa ya ukutani ya harusi. Lakini mtungi kwanza, kisha dunia. Baadaye mlikuja ninyi na pikipiki, na masanduku ya plastiki ya kiwandani yenye mikanda, na mnanicheka na blada zangu. Chekeni. Mikanda ile inashika mtungi. Haishiki aibu ya mtu, na kilichoua mbegu zangu kilikuwa aibu, nayo ilinishinda mara mbili siku moja. Glavu ibaki mfukoni mpaka umeshasema la kusema.

Wiki iliyopita nilirudisha mtungi kituoni, nikatia sahihi, nikapanda blakmamba kurudi nyumbani, keria tupu. Baiskeli iliyumba mwanzoni, nyepesi kupita kiasi, mpaka nikashuka kuangalia kama gurudumu liko. Liko. Ni mimi nilikuwa sina cha kuogopa kumwaga. Nilishuka mteremko wa mwisho bila breki, mtu wa umri wangu, na kulikuwa na ukungu nyuma yangu na sikugeuka.

Sasa niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu mwanzo. Jana nilimsomea Mama Moraa maandishi haya juu ya ua, yote, mpaka hapo kwenye mteremko. Alisikiliza huku anamenya ndizi, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikamuuliza anaonaje.

“Wacha kujisifu, Arap Rono,” akasema. “Wewe ulikuwa unabeba tu. Kazi ilifanywa na ng'ombe yangu.”